Mionzi ikianguka msituni hukaa wapi? Wa Kusini njooni tuongee udongo

Mchanga wa Rondo (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kuna video fupi inazunguka kwenye magrupu ya Mtwara na Lindi. Jamaa anasema hata ikitokea vumbi la nyuklia likaanguka kwenye pori letu lote, kuanzia Liwale mpaka Masasi, "masika mawili tu yanaosha kila kitu". Chini yake watu wanashangilia. Nilitaka nipite kimya, ila mimi udongo nimeusomea na mikorosho nimekulia chini yake, nimeshindwa.

Mvua haioshi msitu. Shamba unaweza kulilima, barabara unaweza kuimwagia maji, paa unaweza kulisugua. Msitu ukishapokea mionzi unaishika na kuizungusha humo humo.

Tuangalie kwa waliopatwa. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia namba 4 cha Chernobyl kililipuka, kule Ukraine, enzi za Umoja wa Kisovieti. Misonobari iliyokuwa jirani ilipigwa na dozi kubwa ikafa, majani yakawa rangi ya kutu, ndiyo maana pakaitwa Msitu Mwekundu. Ile miti ilisukumwa na matingatinga ikafukiwa kwenye mitaro. Lakini huo ni ule uliokuwa mlangoni pa kinu. Mamia ya kilomita kutoka pale misitu ilibaki mizima, ya kijani, unapita humo huoni kitu, na vumbi limo.

Katika vumbi hilo mlikuwa na vitu kadhaa vya mionzi. Ayodini-131 haikukaa. Nusu uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza na kuisha, ni siku 8, baada ya miezi michache hakuna cha kupima. Sesiamu-134 ni miaka 2. Wanaong'ang'ania ni sesiamu-137 yenye miaka 30 na strontiamu-90 yenye karibu miaka 29. Na hapa wengi huteleza: miaka 30 ikipita inakuwa imepungua nusu tu. Kutoka 1986 hadi 2026 ni miaka 40, na ile sesiamu-137 bado ipo kama asilimia 40. Ukitaka ibaki chini ya moja ya elfu, hesabu miaka 300.

Sasa safari yenyewe. Vumbi likishuka, matawi ndiyo yanayolidaka kwanza. Mvua inaliteremsha kidogo kidogo, majani yanapukutika nalo, magome yanabanduka nalo. Miaka mitano hivi, sehemu kubwa imeshafika chini. Wajapani wamelifuatilia sana hili Fukushima tangu ajali ya vinu vyao vya nyuklia ya Machi 2011, na leo zaidi ya tisa ya kumi ya sesiamu iliyomo misituni kule iko ardhini, nyingi ikiwa kwenye sentimita 5 za juu za udongo. Chernobyl, baada ya miongo yote hiyo, bado sehemu kubwa iko ndani ya sentimita 10 hadi 20. Simamisha kiganja chako kwenye udongo, vidole vikiangalia juu. Ndiyo kina chake hicho. Inayotoka msituni kwa maji ya vijito haifiki hata asilimia 1 kwa mwaka.

Kwa nini haizami? Kwanza mfinyanzi. Sesiamu kikemia ni ndugu wa potasiamu. Kuna aina za mfinyanzi zinazotokana na ulanga, yale madini yanayong'aa na kubanduka kama karatasi, zimejengwa kwa vipande vyembamba vilivyolaliana. Kingo za vile vipande zikishalika kidogo na hali ya hewa, sesiamu inaingia katikati na kutoka tena ni shida. Pili ni mboji na kuvu. Nyuzi za kuvu kwenye majani yaliyooza zinafyonza sesiamu na kuikalia pale pale juu. Tatu ni miti yenyewe: mizizi inaichukua kwa kudhani ni potasiamu, inapanda mpaka kwenye majani, majani yanaanguka, inarudi chini. Mwaka ujao tena.

Karibuni.

---

Kigoda cha Nyuma

Nimekaa hapa. Uzi wa maana baada ya wiki nzima ya usajili wa Namungo.

---

Mnazi Mkinda

Mkuu unatisha watu bure. Hiroshima ilipigwa bomu kabisa, mbona leo watu wanaishi, wanapanda miti, wanazaa? Ingekuwa unavyosema pasingekalika mpaka kiyama.

---

Mchanga wa Rondo

Swali zuri hilo, na ndilo linalowachanganya wengi.

Bomu la Hiroshima lilipasukia angani, kama mita 600 juu ya mji. Lilibeba kama kilo 64 za urani, na iliyopasuka kweli haikufika hata kilo moja. Kwa kuwa lilipasukia juu, mabaki mengi yalipaa na moshi yakaenda mbali. Maafa yake yalikuwa ya joto, kishindo na mionzi ya papo kwa papo.

Kinu cha Chernobyl kilikuwa na karibu tani 190 za mafuta ya nyuklia, ambayo yalikuwa yameshatumika muda na kujaza sesiamu na strontiamu. Na kiliungua kwa siku kama kumi, ardhini. Kiasi kilichomwagwa na namna kilivyomwagwa haviko kundi moja kabisa. Kwa hiyo hoja ya Hiroshima haijibu hoja ya msitu.

---

Bi Mkubwa wa Chikongola

Wanangu mimi sikusoma hayo. Nauliza la jikoni. Uyoga tunaouokota masika, na ming'oko, vile viazi vya porini tunavyochimba kiangazi, na hao nguruwe ambao wenzetu wa Masasi wanakula. Kati ya hivyo kipi kingedhurika kwanza?

---

Mchanga wa Rondo

Shikamoo Bi Mkubwa. Umeuliza kushinda sisi wote.

Uyoga ndio wa kwanza, bila ubishi. Nimesema nyuzi za kuvu zinaikusanya sesiamu kwenye tabaka la juu, na uyoga ndio tunda la hizo nyuzi. Si uyoga wote sawa. Ule unaoota kwa ushirika na mizizi ya miti hubeba zaidi kuliko ule unaoota kwenye gogo tu. Na pori letu la miombo limejaa uyoga wa ushirika huo, tofauti na misitu mingi ya mvua.

Nguruwe ni wa pili. Ujerumani, hasa Bavaria, mpaka leo wawindaji wanapeleka nyama ya nguruwe mwitu ikapimwe kabla ya kuuza. Kikomo chao ni bekereli 600 kwa kilo, yaani atomi 600 zinazovunjika kila sekunde katika kilo moja ya nyama, na wapo nguruwe wanaopita hapo mara kadhaa. Kinachoshangaza ni kwamba swala na kulungu wa misitu ile ile walishapungua kiasi, nguruwe hawapungui inavyotakiwa. Sababu ni pua. Majira ya baridi, chakula kikiadimika juu, nguruwe anafukua uyoga fulani unaokaa chini ya ardhi moja kwa moja, na sesiamu inayoteremka taratibu sana ndiyo kwanza inafika kwenye kina cha uyoga huo. Mwaka 2023 watafiti wakatoa jingine: sehemu kubwa ya sesiamu kwenye baadhi ya nguruwe hao haikutoka Chernobyl kabisa, ilitoka kwenye majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960. Walitofautisha kwa kulinganisha sesiamu-135 na sesiamu-137, kwa sababu bomu na kinu haviziachi kwa uwiano mmoja. Yaani nguruwe aliyezaliwa juzi ana vumbi la bomu la enzi za babu zake.

Kwa ming'oko, cha kuuliza ni hiki: kile unachokula kinanyonya kutoka tabaka gani? Uyoga unakula juu. Mti mkubwa mizizi yake iko kote. Kiazi kinakaa katikati, na tena unakichimba na udongo wake, kwa hiyo kukiosha na kukimenya tayari ni nusu ya kinga. Ming'oko tunamenya, alhamdulillah.

---

Bi Mkubwa wa Chikongola

Marahaba mwanangu. Basi tumenye vizuri.

---

Mzigo Gatini

Sisi tunaosafirisha korosho tunadaiwa cheti cha mionzi cha Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Siku zote najiuliza, korosho ya Tandahimba na mionzi wapi na wapi? Niliona ni tozo tu kama tozo nyingine.

---

Mchanga wa Rondo

Ada ikiwa kubwa au ndogo hilo ni la kwenu na serikali. Ila upimaji wenyewe una sababu. Baada ya 1986 nchi nyingi ziliweka vikomo kwa chakula kinachovuka mipaka na mnunuzi anataka karatasi. Japani ilikaza zaidi: kuanzia Aprili 2012 chakula cha kawaida kisizidi bekereli 100 kwa kilo.

Na ukweli ni kwamba kila udongo duniani una chembe ya sesiamu-137, hata wa Rondo. Majaribio ya mabomu angani yalisambaza vumbi mpaka tabaka za juu kabisa za anga na likashuka polepole kila mahali. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Wasovieti walisaini kuacha majaribio ya angani. Ufaransa na China waliendelea, na China ilifanya la mwisho Oktoba 1980. Vumbi jingi liliangukia kaskazini mwa ikweta kwa sababu huko ndiko mabomu mengi yalikopasuliwa, na hewa ya pande mbili hizi haichanganyiki haraka. Sisi tuko nyuzi 10 kusini. Tulipata makombo. Korosho yako ikipimwa, mionzi mingi itakayoonekana ni ya potasiamu-40, ambayo ni ya asili na imo hata mwilini mwako, bekereli elfu nne na zaidi ukiwa mtu mzima.

---

Kilwa Kisiwani Kwetu

Hapo kwenye potasiamu nichangie. Kuna mahali ambapo nazi zilihamisha watu. Kisiwa cha Bikini, Visiwa vya Marshall, bahari ya Pasifiki. Wamarekani walipasua mabomu 23 pale kati ya 1946 na 1958, likiwemo lile la tarehe 1 Machi 1954 la megatoni 15. Miaka ya baadaye wakaambiwa pako salama, watu wakaanza kurudi, minazi ikapandwa upya. Mwaka 1978 wakaondolewa tena, maana walikuwa wanakula nazi na kunywa madafu na miili yao ikaonekana imejaa sesiamu.

Mchanga wa matumbawe haujui kushika kitu. Hauna mfinyanzi, na potasiamu yake ni kidogo mno. Mnazi unaipenda potasiamu kupita kiasi, ukiikosa unabeba ndugu yake. Wataalamu walipomwaga mbolea ya potasiamu, sesiamu kwenye nazi ilishuka mpaka ikabaki sehemu ndogo tu ya ile ya mwanzo. Nikisoma habari ile nawaza minazi yetu ya ufukweni, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, mchanga mtupu.

---

Mchanga wa Rondo

Umenifikisha nilikokuwa naelekea, njomba.

Na Bikini ina upande wa pili. Kwa kuwa mchanga ule haushiki, mvua kweli inateremsha sesiamu kwenye maji ya chini, na pale inapungua haraka kuliko kuoza kwake kwa asili. Kwa hiyo jamaa wa ile video angekuwa anaongelea kisiwa cha matumbawe angepata maksi kidogo. Ila angalia bei yake: udongo uleule unaoiachia iende chini ndio unaoiachia iende kwenye nazi. Udongo wa mfinyanzi wa ulanga unaibana isiende popote, sumu inakaa miaka mingi lakini haiingii sana kwenye chakula. Huwezi kupata yote mawili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Ukraine hukohuko. Mkoa wa Rivne uko kama kilomita 200 magharibi mwa Chernobyl. Vumbi lililoanguka pale halikuwa jingi kama la jirani na kinu. Lakini ni nchi ya mboji ya kinamasi na mchanga, mfinyanzi haba. Ng'ombe wanachungwa porini na kwenye majani ya unyevunyevu. Miaka 30 baadaye, vijiji vya kule bado vilikuwa na maziwa yanayovuka kikomo chao cha bekereli 100 kwa lita, wakati sehemu zilizopokea vumbi zaidi kwenye udongo mweusi mzito zilishapoa zamani. Wales nako vivyo hivyo: mwaka 1986 wafugaji wa kondoo wa milimani waliambiwa zuio litakuwa la wiki tatu. Zuio la mwisho liliondolewa 2012. Udongo wa mboji ule, haushiki.

Ndiyo maana ramani ya vumbi peke yake inadanganya. Mimi ukiniletea ramani ya mionzi, nakuomba kwanza ramani ya udongo.

---

Pampu ya Salfa

Mkuu, udongo wetu wa Newala na Tandahimba uko kundi gani basi? Na hii salfa tunayopulizia kila msimu ina uhusiano wowote?

---

Mchanga wa Rondo

Uko upande dhaifu. Uwanda wa Wamakonde ni mchanga mwekundu wenye mfinyanzi kiasi, na mfinyanzi wenyewe ni wa kaolini, uliozeeka kwa mvua na jua la miaka isiyohesabika. Kaolini haina zile kingo za ulanga nilizosema. Potasiamu nayo haba.

Salfa inazuia ugonjwa wa ubwiri unga kwenye mkorosho, ila inayodondoka chini inageuka tindikali. Udongo wa mikorosho iliyopuliziwa miaka mingi umeongezeka uchachu, na udongo mchachu unapoteza potasiamu kwa mvua. Kwa hiyo kama lingekuwepo vumbi la sesiamu, shamba hilo lingelipeleka kwenye mmea kirahisi. Nasisitiza kama. Halipo la kuogopesha. Ila majivu na samadi unayoweza kurudisha shambani leo kwa ajili ya korosho ni potasiamu ileile inayomzuia sesiamu. Wajapani wamemwaga mbolea ya potasiamu kwenye majaruba ya mpunga Fukushima kwa sababu hiyohiyo.

---

Tanuri la Nachingwea

Umetaja majivu. Sisi wa mkaa je?

---

Mchanga wa Rondo

Majivu ndiyo mahali pabaya, kwa msitu uliochafuliwa. Kuni zikiungua, mti unaisha, sesiamu nyingi inabaki kwenye jivu. Japani waliweka kikomo cha bekereli 40 kwa kilo ya kuni na 280 kwa kilo ya mkaa. Unaona tofauti? Ni kwa sababu walipiga hesabu ya jivu: kilo ya kuni inaacha jivu kidogo sana, kwa hiyo mionzi inasongamana karibu mara 180, mkaa umeshasongamana kwenye tanuri, unaongeza kama mara 28 tu. Lengo lilikuwa jivu lisivuke bekereli 8,000 kwa kilo. Sasa fikiria mama anayetia jivu hilo kwenye bustani ya mchicha.

Na moto wa msituni ni mada nyingine nzito. Aprili 2020 misitu ya eneo lililofungwa la Chernobyl iliwaka wiki kadhaa, moshi ukabeba tena kilichokuwa kimetulia kwenye majani makavu.

---

Kigoda cha Nyuma

Si wangekwangua tu hayo majani makavu wakayatupa?

---

Mchanga wa Rondo

Walikwangua, ila mita 20 kutoka kwenye nyumba za watu. Karibu asilimia 70 ya mkoa wa Fukushima ni msitu, tena wa milima. Ukiuvua msitu wote ule blanketi la majani, mvua moja inakuteremshia udongo wote bondeni. Halafu yale magunia unayapeleka wapi?

---

Mnazi Mkinda

Haya nimekuelewa. Sasa sema la Namtumbo. Urani ya mto Mkuju ikianza kuchimbwa kweli kweli, haya unayosema yanatuhusu?

---

Mchanga wa Rondo

Tusichanganye. Sesiamu-137 na strontiamu-90 tulizoongelea si za kwenye mwamba wa Namtumbo. Zinazaliwa urani ikipasuliwa ndani ya kinu au bomu. Mgodi una mambo yake: vumbi, maji, na malundo ya mabaki. Ukishatoa urani kwenye jiwe, watoto wake, yaani vitu vinavyozaliwa urani ikioza, wanabaki kwenye tope, akiwemo radiamu-226 mwenye nusu uhai wa miaka 1,600, ambaye naye anazaa gesi ya radoni. Urani yenyewe ni sumu ya figo hata ukiweka mionzi kando. Kwa hiyo maswali ya kumuuliza mchimbaji ni bwawa la tope limejengwaje, linavuja kuelekea wapi, na nani atalilinda mgodi ukifungwa. Mwaka 2012 UNESCO ilikubali mpaka wa Selous usogezwe kupisha eneo lile, kwa hiyo si siri, maswali yanaulizika wazi. Anzisha uzi wake, nitakuja.

---

Ukoka wa Mbwemkuru

Nimechelewa ila nina jambo. Hiyo sesiamu ndogo mliyosema ipo kila udongo, sisi wa hifadhi ya ardhi tunaitumia kama alama. Msitu usioguswa unakuonyesha kiasi kilichoanguka tangu enzi za mabomu. Shamba la mteremkoni likionyesha pungufu, ujue udongo wa juu umeondoka. Bondeni ikizidi, ujue umelundikana pale. Mteremko wa Newala ungefaa sana. Mchanga wa Rondo, mtu akitaka kuchukua sampuli msituni afanyeje asiharibu?

---

Mchanga wa Rondo

Asichimbe shimo na kuchanganya. Ndiyo kosa kubwa. Ukichanganya sentimita 30 pamoja unapata wastani usiokwambia chochote.

Chagua sehemu tambarare, mbali na njia na kichuguu. Kusanya majani makavu ya juu peke yake, mfuko wake. Kisha mboji iliyooza, mfuko wake. Halafu udongo, sentimita 5 kwa 5 mpaka 30, kila tabaka mfuko wake, na kisu ukifute kila mara ili usishushe udongo wa juu kwenye wa chini. Pima na eneo ulilochimba, maana hesabu inafanywa kwa mita ya mraba. Rudia sehemu kadhaa, kwa sababu chini ya shina moja na pembeni yake matokeo yanaweza kupishana sana. Maji yanayotiririka kwenye gome yanamwaga mzigo wake pale pale chini ya shina. Kausha, chekecha, ndiyo maabara. Kwa udongo wetu wenye sesiamu kidogo hivi, mwambie fundi aache sampuli kwenye mtambo usiku na mchana, dakika kumi hazitaona kitu.

---

Ukoka wa Mbwemkuru

Sawa njomba. Mifuko ninayo. Tatizo ni kisu, cha kwangu kimekwenda kumenya ming'oko.